Avata ya kujitengenezea: njia zinazoshindana, na ipi uijenge kwenye tovuti ya jamii

Tovuti ikishapata wanachama mia mbili tatu wanaoandikiana kila siku, ombi la picha haliko mbali. Watu huchoka kuonekana kama kichwa cha kijivu kisicho na uso. Wengi hawataki kuanika sura zao halisi, lakini pia hawataki kufanana na kila mtu. Hapo ndipo linapoingia wazo la programu-jalizi ya avata: mwanachama anachagua rangi ya ngozi, nywele, kofia, miwani na nguo, kisha sura hiyo ndogo inakaa pembeni ya jina lake popote anapoandika.

Anayetaka kuijenga ana njia nne zinazoshindana kweli, na ya tano nitaigusa tu. Nimezipima kwa tovuti ya aina moja: inayoendeshwa na watu wachache wasio na fungu kubwa, imesimama juu ya WordPress, phpBB au Discourse (mifumo ya kuendeshea tovuti na kumbi za majadiliano), na wanachama wake wengi wanaingia kwa simu na bando la kununua kidogo kidogo. Kama yako si ya namna hiyo, hukumu yangu inaweza kugeuka, na nitaonyesha wapi.

Kuazima kutoka Gravatar

Gravatar ilianzishwa na Tom Preston-Werner, na mwaka 2007 ikanunuliwa na Automattic, kampuni yenye WordPress.com. Inavyofanya kazi ni hivi: tovuti yako inachukua barua pepe ya mwanachama, inageuza herufi zote kuwa ndogo, inaipitisha kwenye hashi (hesabu inayogeuza maandishi kuwa mfuatano wa herufi na namba), halafu inaomba picha Gravatar kwa kutumia hashi hiyo. Aliyewahi kuweka picha kule, inatokea. Ambaye hajaweka anapewa mchoro wa kubuniwa. WordPress inakuja nayo tayari, kwa hiyo huna cha kujenga.

Shida ni kwamba hashi ya barua pepe si siri. Kwa miaka mingi ilikuwa MD5, aina ya zamani ya hashi, na mtu mwenye orodha ndefu ya barua pepe za kukisia anaweza kuzipitisha zote kwenye MD5 na kuangalia zipi zinalingana. Oktoba 2020 mtafiti wa usalama alionyesha jinsi ya kuvuna wasifu wa Gravatar kwa wingi. Data iliyovunwa ilikuja kuingizwa kwenye Have I Been Pwned, tovuti inayokusanya rekodi za data zilizovuja: akaunti milioni 167, na hashi milioni 114 kati ya hizo zilikuwa zimeshafumbuliwa zikawa barua pepe kamili. Sasa Gravatar inapendekeza SHA-256, hashi mpya zaidi. Ni afadhali, ila barua pepe inayokisika kwa MD5 inakisika pia kwa SHA-256, kinachoongezeka ni kazi tu.

Kwa jamii ambayo watu wanatumia majina ya kubuni kwa sababu nzito, mathalani kina mama wanaoulizana mambo ya uzazi au wafanyakazi wanaojadili mishahara yao, hilo peke yake linatosha kuiweka Gravatar kando. Sheria nazo zimeshafika. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ukipeleka alama ya barua pepe ya mtu kwa kampuni ya nje kila ukurasa unapofunguka, una wajibu wa kumweleza. Zaidi ya yote, njia hii haimpi mwanachama chochote cha kujitengenezea. Inampa picha ileile anayoonekana nayo kila mahali, wakati watu wengi wanataka kila ukumbi uwe na sura yake.

Michoro inayojizalisha yenyewe

Mwaka 2007 Don Park alibuni Identicon: mchoro wa maumbo unaozalishwa kutokana na anwani ya IP ya mtu (namba anayotambulika nayo mtandaoni), bila yeye kuchagua lolote. Mwaka 2013 GitHub ikaleta wake wa vijisanduku vyenye pande mbili zinazofanana, na ndio wengi wanaoujua. Discourse hutumia herufi ya kwanza ya jina juu ya duara la rangi.

Njia hii ni nyepesi na ya haraka. Seva haihifadhi picha, mwanachama hapakii kitu, na msimamizi hana cha kukagua. Ila herufi ya kwanza inatuumiza sisi kuliko wengine. Kusanya kina Mwajuma, Mariamu, Mohamedi, Musa, Mwanaidi na Mashaka kwenye mada moja, utaona safu ya M zinazotofautiana kwa rangi tu. Vijisanduku vinatofautisha vizuri zaidi, ila hakuna anayevipenda. Havimwambii msomaji kitu juu ya mtu, wala mtu hasemi kwamba ile ni yangu.

Kwa hiyo hii naiona kuwa ya akiba: sura ya kuanzia kabla mwanachama hajachagua yake. Kama unaendesha ukumbi wa watu hamsini wanaofahamiana kwa majina, inakutosha na hela yako ibaki mfukoni.

Kupakia picha

Hii ndiyo wanachama wanayoiomba kwanza, na ndiyo inayomkosesha msimamizi usingizi. Picha iliyopigwa na simu mara nyingi hubeba taarifa za ndani za EXIF, na kama kamera imeruhusiwa kujua mahali, ndani yake mna latitudo na longitudo za pale mtu alipokuwa, mara nyingi nyumbani kwake. Programu isiyozifuta taarifa hizo inawasaliti wanachama bila wao kujua. Dawa yake inajulikana: ifungue picha upande wa seva, ichore upya katika ukubwa unaotaka, hifadhi ile mpya na utupe ya awali. Usihifadhi faili lililoletwa kama lilivyo.

Halafu kuna ukaguzi. Mtu ataweka sura ya jirani yake, mwingine picha ya aibu, mwingine atajifanya kiongozi fulani. Lazima pawe na mtu wa kuangalia, na awepo usiku pia. Kwenye ofisi moja au shule moja, ambako watu wanajuana na kuna adabu ya mahali, kupakia picha ndiyo njia bora na sioni sababu ya kuhangaika na nyingine. Kwenye jamii iliyo wazi kwa kila mtu, naiweka nyuma.

Kuunda sura kwa vipande

Tumefika kwenye njia yenyewe. Mwanachama anapewa vipande: vichwa, ngozi, nywele, macho, midomo, nguo, vitu vya kichwani. Anaunganisha, anahifadhi. Hakuna picha ya nje inayoingia, kwa hiyo aibu haipiti mlangoni. Na uwezekano ni mkubwa ajabu hata kwa vipande vichache. Ngozi 7, mitindo 24 ya nywele, rangi 6 za nywele, macho 8, midomo 8 na nguo 10 zinazaa sura 645,120.

Swali la kwanza hapa ni la uchoraji, msimbo unafuata. Utachora mwenyewe, au utachukua vipande vilivyokwisha kuchorwa?

Vilivyo tayari vipo na ni vizuri. Avataaars ya Pablo Stanley ndiyo maarufu kuliko zote. Ina ngozi saba, dredi, afro, hijabu na kilemba, na haimuulizi mtu jinsia yake kabla ya kumpa kabati la nguo. DiceBear ni maktaba huria iliyokusanya mitindo mingi chini ya mfumo mmoja, unaweza kuiendesha kwenye seva yako mwenyewe. Kuwa makini na leseni: msimbo wa DiceBear uko chini ya MIT, leseni huria, ila kila mtindo wa michoro una leseni yake. Open Peeps ni CC0, haikudai kitu. Adventurer ni CC BY 4.0, inataka umtaje mchoraji. Kama unakusudia kuiweka programu yako kwenye saraka ya WordPress.org, kila kilichomo, picha zikiwemo, lazima kiendane na GPL, leseni huria ya WordPress yenyewe.

Sasa itazame Avataaars kwa karibu, maana hapa ndipo tofauti inapoonekana. Pua yake imechorwa kama kivuli cheusi chenye nguvu ya asilimia 16. Juu ya ngozi nyeupe yenye msimbo #FFDBB4, kivuli hicho kinashusha nyekundu kutoka 255 hadi 214, na pua inaonekana vizuri. Juu ya ngozi nyeusi kabisa ya seti hiyo, #614335, nyekundu inashuka kutoka 97 hadi 81 tu. Kwenye skrini ya simu juani, pua hiyo haipo. Nyusi nazo ni nyeusi yenye uwazi, nazo zinafifia vilevile. Mchoraji hakuwa na nia mbaya. Ni kwamba kivuli kimoja kilikadiriwa kwa ngozi moja kikabebeshwa zote. Kwa jamii ambayo wanachama wake wengi wana ngozi nyeusi, huwezi kuwapa watu wako sura zisizo na pua. Suluhisho ni kila ngozi kuwa na rangi mbili au tatu zilizopangwa pamoja: ya ngozi yenyewe, ya kivuli, na ya mstari. Kwenye ngozi nyeusi mwanga juu ya pua hufanya kazi ambayo kivuli hakiwezi.

Halafu kuna vitu ambavyo havimo kabisa. Hijabu ya seti hizi ni ya umbo moja, ilhali mtu wetu anataka mtandio uliotupwa begani, ushungi, au kilemba cha kitenge. Kofia ya kiua hamna. Mabutu hamna, wala twende kilioni. Khanga haimo, wala shuka la Kimasai, wala joho. Huenda ukadhani haya ni madoido. Kumbuka kwamba hata emoji ya mwanamke mwenye hijabu haikuwepo hadi 2017, na ilikuja kwa sababu msichana wa Saudia aliyekuwa akiishi Berlin, Rayouf Alhumedhi, aliandika pendekezo rasmi mwaka uliotangulia. Alichotaka ni kitu kidogo tu, kujiona kwenye kibodi ya simu yake. Rangi tano za ngozi za emoji nazo ziliingia Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi na emoji, mwaka 2015. Kabla ya hapo hakukuwa na cha kuchagua.

Kwa sababu hiyo, ukiniuliza hela yako iende wapi, nitakujibu: mlipe mchoraji. Msimbo wa kupanga matabaka ni kazi ya siku chache kwa mtu anayejua. Vipande sitini vilivyochorwa na mtu anayezijua nywele za wanachama wako ndivyo vitakavyowafanya waitumie.

PNG au SVG

Ukishaamua vipande, unachagua umbo lake la faili. Kwa PNG, picha ya pikseli, kila kipande ni picha yenye usuli unaopitisha macho, na seva inavipanga kimoja juu ya kingine. PHP, lugha iliyotumika kuandika WordPress na phpBB, inafanya hivyo kwa maktaba ya picha ya GD, ambayo ipo karibu kila mahali unapokodi seva. Kuna mtego mmoja unaowapata wengi: `imagecopymerge` haiheshimu uwazi wa PNG, kwa hiyo nywele zinatokea ndani ya kisanduku. Tumia `imagecopy`, na uwashe `imagealphablending` kwenye picha ya chini. Udhaifu wa PNG ni rangi. Mitindo 24 ya nywele kwa rangi 6 ni faili 144, na mchoraji akirekebisha mtindo mmoja anarekebisha faili sita.

Kwa SVG, mchoro unaoandikwa kwa maneno ya msimbo, mtindo mmoja ni faili moja, na rangi ni neno unalobadilisha ndani yake. Haipotezi ukali ukiikuza. Ila ina mambo yake. La kwanza, GD haisomi SVG. Ukitaka kuigeuza kuwa PNG unahitaji maktaba nyingine kama Imagick au librsvg, na seva za bei nafuu mara nyingi hazinazo. La pili ni la hila zaidi: ukibandika SVG moja kwa moja ndani ya ukurasa, vinyago (masks) vinavyokata maumbo hutambuliwa kwa kitambulisho (id), na ukurasa wenye avata ishirini utakuwa na vitambulisho ishirini vinavyofanana. Kivinjari kinachukua cha kwanza, na nywele za mtu wa tano zinakatwa kwa umbo la kichwa cha mtu wa kwanza. Ukiiweka SVG kwa kupitia `img`, tatizo linaisha, na faida nyingine inakuja nayo: skripti iliyofichwa ndani ya SVG haiendeshwi pale.

Mimi ningechora kwa SVG, nikawapelekea wasomaji SVG ileile kupitia `img` pale seva inapokuwa dhaifu, au PNG iliyogeuzwa mara moja na kuhifadhiwa pale seva inaporuhusu. Kubaki na PNG peke yake ningekubali tu kama mchoraji anafanya kazi kwa brashi, yenye rangi zilizochanganyika, ambayo SVG haiwezi kuibeba bila kunenepa.

Hifadhi machaguo, picha iache

Programu nyingi za aina hii hukosea hapa. Zinachora sura kwenye kivinjari, zinaigeuza kuwa PNG kwa canvas (ubao wa kuchorea wa kivinjari), zinaipeleka kwenye seva. Inaonekana rahisi, lakini umeshafungua mlango uleule wa kupakia picha: anayejua kidogo atatuma PNG yoyote anayotaka, na seva haitajua. Badala yake, pokea machaguo tu:

`{"toleo":1,"ngozi":5,"nywele":12,"rangi":2,"macho":3,"kichwani":"kofia_kiua"}`

Seva inahakiki kila namba kama imo kwenye orodha, kisha inachora yenyewe. Mstari huo haufiki baiti mia, unakaa kwenye hifadhidata bila tabu, na siku ukitaka picha kubwa zaidi unachora upya bila kumsumbua mtu. Anwani ya picha itengenezwe kwa hashi ya machaguo hayo pamoja na ukubwa. Mtu akibadilisha miwani anwani inabadilika, na asipobadilisha kivinjari chake kinaihifadhi mwaka mzima bila kuomba tena. Kwa mwenye bando la siku, hilo analiona.

Lile neno `toleo` usiliache. Mchoraji akiboresha kofia mwaka ujao, waliochagua ile ya zamani wabaki nayo mpaka wenyewe wakubali mpya. Sura ya mtu haibadilishwi usiku akiwa amelala.

Matabaka nayo yana sheria. Afro chini ya kofia inahitaji kugawanywa nywele za nyuma na za mbele, la sivyo kofia inaelea. Ushungi unafunika masikio, kwa hiyo hereni zifichwe bila kufutwa, akivua zirudi. Andika sheria hizi kwenye faili la vipande, usizitawanye ndani ya msimbo, ili mchoraji aweze kuongeza kipande bila kumwita mpanga programu.

Ile njia ya tano ni avata za 3D. Zinapendeza kwenye michezo na kumbi za kukutana kwa miwani ya uhalisia pepe. Kwa duara la pikseli 48 pembeni ya jina, modeli ya megabaiti kadhaa haina kazi.

Kuiunganisha na mfumo wako

WordPress ndiyo rahisi. Tangu toleo 4.2 kuna kichujio `pre_get_avatar_data`. Unarudisha anwani ya picha yako na mada nyingi (themes, yaani mionekano ya tovuti) zinafuata. BuddyPress, programu-jalizi ya WordPress ya kuendeshea jamii, ina njia yake pembeni, `bp_core_fetch_avatar`, usiisahau la sivyo mtu atakuwa na sura mbili. phpBB kuanzia 3.1 ina viendeshi vya avata, unaandika chako kama kiendelezi. Discourse imeandikwa kwa Ruby na Ember, zana nyingine kabisa, na kuiandikia programu-jalizi kamili ni kazi ya mtu anayezijua, lakini ina mpangilio wa `external_system_avatars_url` unaoweza kuuelekeza kwenye seva yako ya avata kwa jina la mwanachama na ukubwa. Kwa hiyo programu inayochora sura iwe huduma inayosimama peke yake, na kila mfumo upewe kiunganishi chembamba.

Kama una wikiendi moja tu, sakinisha DiceBear kwenye seva yako, chagua Open Peeps, ruhusu watu wabadilishe machaguo machache, na uendelee na maisha. Kama una miezi miwili na mchoraji, jenga yako kwa SVG. Kwa vyovyote vile, siku ya kwanza usimwachie mtu kichwa cha kijivu: tumia hashi ya jina lake kumchagulia vipande, halafu mpe kitufe cha Badilisha. Vichague vya mwanzo kutoka kwenye vile visivyomvisha mtu dini wala jinsia. Ndevu, ushungi na msalaba shingoni achague mwenyewe, na ngozi za mwanzo zitoke kwenye rangi zote, bila moja kufanywa ya kawaida na nyingine kuwa za kutafutwa.